Antibiotiki inasimamisha ribosomu za bakteria, mbona zetu zinaendelea na kazi?

Dogo wa Famasi:
Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza diploma ya famasi na tumeanza antibiotiki. Tumefundishwa kwamba azithromaisini inaishika ribosomu ya bakteria isitengeneze protini. Sasa hata mimi nina ribosomu tele kwenye kila seli. Nikimeza kidonge, kwa nini zangu hazisimami? Halafu kitabu kinasema ribosomu ya bakteria ni 70S, vipande vyake 50S na 30S. Hesabu gani hiyo?

Kijana wa Kidato cha Sita:
Zetu ni 80S, zao 70S. Andika hivyo kwenye mtihani, maksi unapata.

Mwalimu Rehema:
Mdogo wangu, maksi utapata kweli, lakini sababu hujaambiwa.

Tuanze na S. Ni kizio cha Svedberg, kinachoonyesha kasi ya kitu kuzama kinapozungushwa kwenye sentrifuji. Kasi hiyo inategemea uzito na umbo pia. Vipande viwili vikishikana, sehemu ya nyuso zake inajificha katikati, ndiyo maana namba za S hazijumlishwi. Hata kwetu, 60S na 40S zinatoa 80S.

Sasa swali lenyewe. Ribosomu, ile nukta nyeusi mnayochora kwenye seli, ni RNA (mnyororo wa herufi za kikemia A, U, G na C) iliyojikunja mara nyingi, na protini zimejibandika kwake. Kazi ya kuunga asidi amino ziwe protini inafanywa na RNA. Mwaka 2000 Thomas Steitz na wenzake wa Yale walipata picha ya kipande kikubwa cha ribosomu kwa eksirei, wakitumia kijidudu cha Bahari ya Chumvi, na pale muungano unapofanyika hapakuwa na protini karibu. Kila nikilifundisha hili nasisimka upya! Mwaka 2009 yeye, Ada Yonath na Venkatraman Ramakrishnan walipewa Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya ribosomu.

Azithromaisini inaishika RNA hiyo hiyo. Inakaa mwanzoni mwa tundu ambamo mnyororo wa protini hupita ukielekea nje ya ribosomu. Asidi amino chache zinaungwa, mnyororo unagonga dawa, unakwama. Ili ishike vizuri inahitaji herufi A kwenye nafasi ya 2058 ya RNA ya 23S, ile ya kipande kikubwa. Bakteria ana A. Kwenye RNA yetu, nafasi hiyo ina G. Herufi moja tu! Na ndiyo maana bakteria wa kaswende wanaobadilisha A hiyo kuwa G hawatibiki tena kwa azithromaisini.

Dogo wa Famasi:
Ahsante sana mwalimu, nimeelewa. Kwa hiyo antibiotiki za aina hii hazitugusi kabisa?

Mwalimu Rehema:
Zinatugusa, tena hapo ndipo mtu wa famasi anatakiwa awe macho. Mitokondria, sehemu za seli zinazotoa nishati, zina ribosomu zake, na asili yake ni bakteria. Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ikitumiwa muda mrefu inazisumbua: damu inapungua, miguu inakufa ganzi. Wagonjwa hao lazima wapimwe damu mara kwa mara.

Streptomaisini nayo inaweza kuharibu usikivu wa mtu yeyote, ila wapo wenye hatari kubwa zaidi. Kwenye RNA ya 12S ya mitokondria zao, A ya nafasi ya 1555 imekuwa G, na sehemu hiyo ikafanana zaidi na ya bakteria. Dawa inaishika. Hata dozi ya kawaida inaweza kumwachia uziwi, na mabadiliko hayo yanarithiwa kwa mama.

Kwa hiyo ukikaa dirishani na cheti kina sindano ya kundi la streptomaisini, muulize mgonjwa kama mama yake, mjomba au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuwa kiziwi baada ya sindano. Akisema ndiyo, usitoe dawa kabla hujaongea na daktari aliyeandika.