Falsafa ya Wastoiko: muda mnautoa wapi?

Kijana wa Katuba
Jambo wakubwa. Nataka kujifunza Wastoiko, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma waliofundisha utulivu wa akili. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi, narudi saa mbili usiku, mara nyingi hakuna umeme. Kwenye simu nina Tafakari za Marcus Aurelius, kaizari wa Roma aliyekuwa Mstoiko, kwa Kifaransa, vitabu 12 vyote, lakini usingizi unanikuta ukurasa wa pili. Nyinyi mnasoma saa ngapi?

Mzee Kamalondo
Mdogo wangu, weka Marcus pembeni kwanza. Alikuwa akijiandikia mwenyewe, hakupanga mtu amsome mfululizo. Chukua Mwongozo wa Epictetus, Mstoiko aliyewahi kuwa mtumwa: vipande 53, vingi havizidi dakika mbili. Kipande kimoja kwa juma. Kinakili kwa mkono, karatasi ikae pamoja na pesa ya nauli.

Anza na cha 4. Ukienda kuoga hamamuni, yaani bafu la umma, anasema, jikumbushe ya huko: kurushiwa maji, kusukumwa, kutukanwa, kuibiwa. Wewe, mahali pa hamamu, weka basi la abiria. Kabla ya kupanda, nusu dakika tu: nitabanwa, nitakanyagwa, nitarudishiwa noti iliyochanika. Kisha jiambie: nataka kufika mjini, na nifike na akili zangu. Ukingoja mpaka umeketi, hasira imeshawahi kiti. Na usivuke hiyo nusu dakika, maana inageuka kuwa wasiwasi.

Mama Ruashi
Sawa, ila na usiku una kazi yake. Seneca, Mstoiko wa Roma, alijikagua taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, kwa hiyo umeme kukatika si kisingizio! Maswali yake matatu aliyachukua kwa Sextius, mwanafalsafa wa Roma aliyemtangulia: leo umeponya ubaya wako upi? Umepinga kosa gani? Umekuwa bora wapi? Dakika tano, ukiwa umekaa. Ukilala chali hufiki swali la pili. Wengi wanaacha kwa sababu wanajifungulia mahakama. Seneca alijionya asirudie, halafu akajisamehe. Ukiruka msamaha, utakesha.

Kijana wa Katuba
Asante mama. Hayo ya basi si ndiyo "Mungu akipenda" yetu?

Mzee Kamalondo
Yanakaribiana. Seneca naye: nitasafiri baharini, isipokuwa kitu kikizuia. Shida, sisi tunaitamka kama nukta ya kumalizia sentensi. Taja kizuizi chenyewe: nitafika saa mbili, isipokuwa mvua ikijaza barabara.

Mama Ruashi
Na karatasi ibadilishe kila Jumatatu. Jicho likiizoea halisomi tena.