Naomba ushauri: nyumba ya wazazi ilipigwa mnada 2015, je bado tuko ndani ya muda?

Wakuu, habari za leo. Naombeni msaada, hasa kwa wanasheria na waliowahi kupitia jambo kama hili hapa Tanzania.

Marehemu baba alikopa benki kwa dhamana ya nyumba tuliyoishi. Akashindwa kulipa, na 2015 nyumba ikauzwa kwa mnada. Mama aliamini hana haki yoyote, tukahama. Mwaka jana tukipanga makaratasi ya mirathi tumekuta nakala ya fomu ya ridhaa ya mwenza, ina sahihi ya mama. Mama anaapa hajawahi kusaini, na mimi namwamini, kwa sababu sahihi yake naijua tangu shuleni na ile haifanani hata kidogo.

Najua Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuweka rehani nyumba ya ndoa. Najua pia Sheria ya Ukomo inatoa miaka 12 kudai ardhi, na penye udanganyifu muda huanza pale ulipogundulika. Kinachoninyima usingizi: mahakama itahesabu kuanzia mnada au siku tulipoiona fomu? Na je, watasema mama angeweza kugundua mapema?

Halafu mnunuzi ameshahamishia hati jina lake. Nasikia sheria humlinda aliyenunua kwa nia njema, ukabaki na fidia tu. Tufungue kesi dhidi ya nani kwanza? Na msimamizi wa mirathi bado hajateuliwa; mama anaweza kushtaki kwa jina lake mwenyewe?