Mjadala: Je, nyumba za ibada zikatae michango ya wanasiasa?

Mwanzisha mada: Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe pesa alizotoa Rais Ruto katika Kanisa Katoliki la Soweto, jijini humo: shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia, na milioni 2 za nyumba ya padri. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alikuwa amewazuia wanasiasa kuhutubia ibadani. Nawaunga mkono wote wawili. Anayepinga alete hoja.

Mjumbe wa kamati ya ujenzi: Napinga. Mbunge ni muumini kama wengine, na Kifungu cha 32 cha Katiba, cha uhuru wa dini, kinamlinda yeye pia. Mkimfukuza, paa litaezekwa na nani?

Mhasibu wa parokia: Ndugu mjumbe, hajafukuzwa mtu. Atie bahasha kikapuni au atume kwa paybill (namba ya malipo ya simu) ya kanisa kama wenzake. Ubaya uko kwenye utaratibu tuliouzoea: ibada inapokaribia kwisha, wageni wanaitwa "wasalimie". MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) anaanza, mbunge anafuata, mkubwa wao anamalizia, na kila mmoja anatangaza kiasi huku akipenyeza kampeni. Mara nyingi sehemu ya kiasi hicho ni taslimu, iliyobaki ni ahadi. Kamati inachimba msingi mpana kwa kutegemea jumla iliyotangazwa. Uchaguzi ukipita, simu haishikwi. Nondo zinashika kutu, fundi anadai, na waumini waliokuwa wakitoa mia mia katika jumuiya wamelegea, maana walisikia mamilioni yamepatikana. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kuwarudisha huchukua muda mrefu.

Dawa yake inajulikana. Ahadi isiandikwe kuwa mapato mpaka pesa iingie benki. Ujenzi uende kwa awamu, na msingi, kuta, linta na paa kila kimoja kisubiri fedha yake. Kila anayetoa apewe risiti, na majina yasisomwe hadharani.

Wakili: Msitegemee sheria peke yake. Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kujengwa juu ya msingi wa dini, lakini hakimgusi mgombea anayeomba kura mimbarini. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kiliwalenga wagombea wanaoshiriki harambee (michango ya hadhara) katika miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu. Muhula una miezi 60, basi hesabuni wenyewe inayobaki wazi.

Mwalimu wa madrasa: Kwetu ipo njia ya wakfu: duka au nyumba ya kupangisha ikishawekwa wakfu, haiuzwi, na kodi yake inaendesha msikiti mwaka mzima. Imamu anayeishi kwa wakfu hana haja ya kumpisha mtu mimbari.

Mwanzisha mada: Tena tusichanganye mambo. Viongozi wa dini wenyewe wasinyamazishwe. Kura ya mlolongo ya 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea wao, ilikemewa na maaskofu kina Henry Okullu na Alexander Muge wakati wengi waliogopa hata kunong'ona. Aliyepewa gari na mheshimiwa atapata wapi ulimi wa kumkemea?

Mjumbe wa kamati ya ujenzi: Kipaza sauti kiondolewe, hapo nakubali. Lakini pesa iliyokwisha kuwa ukuta tutairudishaje?

Mhasibu wa parokia: Ukuta haubomolewi. Iandikwe katika taarifa ya mwaka ilitoka kwa nani, lini na ilijenga nini, kisha isomwe mbele ya waumini wote. Bamba la jina lake ukutani liondolewe.