Gari limeuzwa, stika ya bima ni ya mwenye gari wa zamani: aliyegongwa atalipwa na nani?

Mwanaboda_Eastlands: Wakuu, mtu wa boda kagongwa Jogoo Road. Abstrakti ya polisi (muhtasari wa taarifa ya ajali) ina namba ya bima ya muuzaji wa gari lililomgonga. Aliyekuwa kwenye usukani ni mnunuzi, na kule NTSA (mamlaka ya usajili wa magari Kenya) gari halijahamishiwa jina lake. Bima wanasema si lao tena. Ashtakiwe nani?

Karani wa Milimani: Wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ukimshtaki yeye peke yake, atatoa mkataba wa mauzo wenye tarehe kabla ya ajali, nawe ubaki mikono mitupu. Chukua rekodi ya umiliki NTSA kwanza. Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu ajali.

Wakili_Pembeni: Usisahau notisi! Sura ya 405 (sheria ya bima ya magari kwa watu wengine), kifungu cha 10: kampuni ya bima ijulishwe kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 14 baadaye. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke. Ukishinda na wasilipe, unawafungulia kesi ya pili. Kikomo cha bima kulipa ni shilingi milioni 3 kwa mtu.

Mama Stika: Tatizo liko hapa: bima hufuata mtu, si gari. Hukumu ikiwa dhidi ya mnunuzi tu, watasema hawamjui, na mara nyingi hoja hiyo hushika. Basi mali ya mnunuzi ichunguzwe mapema.

Mwanaboda_Eastlands: Mkataba una tarehe ya kalamu, mwezi umefutwafutwa.

Karani wa Milimani: Dai risiti ya benki au M-Pesa ya malipo ya gari, ioneshe tarehe ya mauzo.