Wauza vitabu acheni kutuuzia mfululizo wa upelelezi bila namba, mmenimalizia uhondo wote

Wakuu, naandika nikiwa nimefura kwelikweli, mnivumilie kwa urefu. Kama hujasoma vitabu vya Henning Mankell vya yule mpelelezi Kurt Wallander na una mpango wa kuvisoma, pita huu uzi, usije ukanilaani mimi kama ninavyowalaani hawa jamaa.

Iko hivi. Riwaya za upelelezi nilikuwa sisomi kabisa, nilijua ni maiti na damu basi. Rafiki yangu akaniazima The Pyramid, akanambia soma hadithi ya kwanza tu, usipoipenda rudisha. Aisee. Ni mwaka 1969, Wallander bado kijana, polisi wa doria tu mjini Malmö huko Uswidi, jirani yake anakutwa amekufa na wakubwa wanaona kajiua, yeye roho inakataa, anaanza kuchokonoa mwenyewe na wala si kazi yake. Huku mchumba wake Mona anamsubiri, anajua kabisa atagombezwa na bado anachelewa. Baba yake naye kamnunia kisa kaingia upolisi, mzee kazi yake kuchora picha ileile miaka nenda rudi, tofauti ni moja tu, hii ina ndege wa porini hii haina. Hapo kwa yule mzee ndipo niliponasa. Nikamaliza kitabu chote, kuna hadithi nyingine humo yuko na afande Rydberg, mkongwe anayemfundisha kazi, haongei sana lakini akisema kitu unatulia. Nikasema huyu Wallander namfuata mpaka azeeke.

Basi nikaingia duka moja la mtandaoni. Vitabu vimemwagwa tu hovyo, majalada yanafanana, hakuna namba, hakuna mwaka, kimoja wamekibandika "anzia hapa". Nikaoda hicho. Kimefika jioni nikazima simu nikakaa nacho. Sura za mwanzomwanzo tu namkuta Wallander yuko likizo ya ugonjwa, anazurura peke yake ufukweni Skagen huko Denmark, pombe zimemchakaza, anataka kuacha kazi, kwa sababu AMEUA MTU akiwa kazini. Lini? Ilikuwaje? Nafunua mbele, Rydberg ni marehemu. Hivihivi tu, anakumbukwa kama mtu aliyekufa zamani. Nikafunga kitabu nikabaki naliangalia lile jalada. Kumbe ni The Man Who Smiled, kitabu cha NNE!

Nimewaandikia kastoma kea wao, wananijibu eti ndugu mteja hakuna tatizo, kila kitabu kina kesi yake inajitegemea. Hilo jibu ndilo limenipandisha presha. Kesi inajitegemea, sawa, muuaji wa kitabu hiki hana habari na muuaji wa kile. Mpelelezi je? Yeye anabeba kila kitu, aliyemuua, aliyemzika, mke aliyeondoka, binti asiyepiga simu. Kesi nitaisahau wiki ijayo, mimi nilimlipia Wallander.

Na wachapishaji wa tafsiri nao wasijifiche nyuma ya maduka maana uozo umeanzia kwao. Hicho cha nne kwa Kiswidi kilitoka 1994, kwa Kiingereza kikangoja mpaka 2005, wakati cha nane kilishatafsiriwa tangu 2002! Mwandishi Jo Nesbø wa Norwei ndiyo balaa kabisa, kitabu cha kwanza cha mpelelezi wake Harry Hole ni cha 1997, wasomaji wa Kiingereza wakakipata 2012, miaka yote hiyo wanauziwa vya mbele. Halafu maelezo ya nyuma ya jalada yanakusimulia bila aibu nani kafa kitabu kilichopita, hivi anayeandika yale maelezo huwa anampenda msomaji kweli?

Kuna wadau watakuja hapa kusema kosa ni langu, hadithi za ujana wa mpelelezi husomwa mwisho. Najua Mankell alizikusanya 1999 baada ya riwaya nane, wasomaji walikuwa wanamuuliza huyu mtu alikuwa nani kabla ya Januari 1990 riwaya ya kwanza inapoanzia. Lakini someni hadithi ya mwisho mle ndani, ile ambayo baba mtu anakamatwa Misri kwa kutaka kupanda piramidi na mwanae anakwenda kumlipia faini. Inaishia simu inalia alfajiri, na simu hiyo ndiyo kesi ya riwaya ya kwanza. Mwandishi mwenyewe kakushika mkono kakufikisha mlangoni, duka linakuja kukupitisha dirishani.

Ninachotaka si hela yangu. Nataka namba kwenye jalada. Moja, mbili, tatu, kuna ugumu gani jamani? Wanaweza kuandika kwa herufi kubwa kwamba kimeuzwa mamilioni, namba moja ya kitabu inawashinda.

Faceless Killers, ile riwaya ya kwanza, nimeipata kwingine, jana usiku nimeanza. Rydberg kaingia, anatembea kwa shida, anasema ni baridi yabisi tu inamsumbua. Wallander anaamini. Mimi niko pale na kitabu mkononi, najua tayari.