Mashine inastaki usiku, dmesg haina kitu, logi za kerneli (kiini cha mfumo) zinaandikwa wapi?

mchapaji_mwanjelwa:
Wakuu habari, nina stationari hapa Mwanjelwa, kuna kompyuta ya zamani nimeiweka Debian 12 (aina ya Linux) ndo inatunza mafaili ya wateja na kusukuma printa. Sasa wiki ya pili hii nikifungua asubuhi naikuta imestaki, kibodi haisikii, naizima kwa swichi. Ikiwaka napiga sudo dmesg, ile amri ya kuonyesha meseji za kerneli, naona mambo ya leo asubuhi tu, na hiyo /var/log/kern.log kila mtu anayoitaja kwangu haipo kabisa. Au yangu haiandiki?

fundi_mafinga:
Inaandika mkuu, we unachungulia siko. dmesg inasoma bafa, yaani hifadhi ya muda iliyoko kwenye RAM, ikijaa meseji mpya zinafuta za zamani, ukizima ndo basi tena. Kubaki lazima kuwe na programu inayozichota na kuzishusha kwenye diski. Zamani programu ya rsyslog ndo ilikuwa inatengeneza kern.log, ila Debian 12 ukiipiga upya haiji nayo, kazi anafanya journald, mtunza logi wa mfumo, mafaili yake yako /var/log/journal na usiyafungue kwa amri ya cat utaona makorokoro. Piga:

sudo journalctl -k -b -1

-k ni kerneli peke yake, -b -1 ni safari iliyopita kabla hujaizima. Bonyeza G kubwa uende mwisho.

baridi_ya_makete:
Hiyo folda ya /var/log/journal isipokuwepo journald anaweka /run, nayo ni RAM tu. Halafu kwa kawaida anashusha kwenye diski kila dakika 5, zile nzito kabisa tu ndo zinaenda hapo hapo, kwa hiyo ukikata umeme za mwisho zinaweza zisionekane. Weka SyncIntervalSec=30s kwenye /etc/systemd/journald.conf.

mchapaji_mwanjelwa:
Duh nimeziona! Inaishia 02:14, saa nane usiku hiyo, "ata1.00: failed command: READ FPDMA QUEUED" yaani kusoma diski kumefeli, imejirudia weee halafu "I/O error, dev sda" halafu kimya. Si diski hiyo?

fundi_mafinga:
Diski au waya wake, anza na waya wa SATA, ule unaounganisha diski na bodi, ndo rahisi. Ila logi nazo zinakaa kwenye diski hiyo hiyo inayogoma, ulichoona ni mwanzo wa ugomvi tu. Ukitaka mpaka mwisho weka netconsole, kerneli inarusha meseji kupitia mtandao (kwa UDP) kwenda mashine nyingine. Ila kopi mafaili ya watu kwanza, leo leo!

mchapaji_mwanjelwa:
Nakopi hapa, imefika asilimia 40. Waya naufuata Kabwe mvua ikikata.