Nusu-mbegu za shayiri: maji ya bomba yamefanya kazi, yaliyokenekwa yamegoma

Mkata_mbegu
Habari wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Nimekata punje za shayiri katikati, nikatupa upande wenye kiinitete, nikabaki na nusu yenye wanga na tabaka la aleuroni, yaani zile seli hai zinazouzunguka wanga. Nimeziloweka siku tatu, nikazitia kwenye chupa pamoja na jiberelini, homoni inayoiamsha mbegu, nikaziacha zitikiswe saa 24. Mwisho ni kama kawaida: nachukua yale maji, nachanganya na wanga, nadondosha iodini. Bluu ikifutika, amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, ipo.

Kwangu bluu imekaa palepale, nzito kama wino. Mwenzangu wa meza ya pili (nisamehewe kumsema, lakini hata bika zake haziishi ukoko) alichota maji ya bomba, na iodini yake ikabaki manjano safi. Mimi nilitumia maji yaliyokenekwa mara mbili na bafa (myeyuko wa kutuliza asidi) ya sitrati. Mbegu zilezile, homoni ileile. Msimamizi nilipomuuliza akasema neno moja, "kalsiamu", akaenda zake. Ninavyojua mimi, kalsiamu ni ishara ndani ya seli. Sasa ishara ya ndani na maji ya bomba wapi na wapi?

Fundi_wa_aleuroni
Pole, ila msimamizi wako yuko sawa. Hapo kuna kalsiamu mbili na wewe umezifanya moja.

Ya kwanza ni ya kimeng'enya chenyewe. Alfa-amilesi, ndiyo hiyo amilesi unayoipima, hushikilia ayoni za kalsiamu ndani ya umbo lake. Zikichomoka, umbo linalegea na kimeng'enya hakidumu. Maji ya bomba, hasa yale magumu yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, yana kalsiamu ya kukinusuru. Ya kwako hayakuwa nayo, halafu ukatia sitrati, ambayo hunyakua kalsiamu yoyote iliyojitokeza. Umekipokonya mara mbili! Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 wanaofanya jaribio hili hutia kloridi ya kalsiamu, milimola 10 au 20.

Ya pili ndiyo ishara uliyoisoma. Ndani ya sitoplazimu kalsiamu huru ni kidogo mno, kama nanomola 100, na nje ya seli ni maelfu ya mara zaidi ya hapo. Seli hutumia nguvu muda wote kuisukuma nje au kuifungia kwenye maghala yake, kwa hiyo kikiingia kidogo tu, habari imefika. Jiberelini ikifika, kalsiamu ya ndani hupanda hadi nanomola mia kadhaa, na hupanda zaidi pembezoni, chini tu ya utando wa seli, pale pale vifuko vya amilesi vinapomwaga mzigo. Asidi ya absisiki, homoni inayoizuia mbegu kuota, huishusha.

Kalsiamu hizi mbili zinakutana mahali pamoja: retikulamu, ule mtandao wa tando ndani ya seli ambamo protini za kutolewa nje hukunjwa. Jiberelini huchochea pampu zinazojaza kalsiamu humo, na amilesi inapokunjwa humo ndimo inapovishwa ya kwake.

Jeni_kwanza
Mkuu hapo juu amesema vyema ila ameruka kitu. Msije mkadhani kalsiamu ndiyo inayoiwasha jeni ya amilesi. Njia ya jeni ni nyingine: jiberelini hudakwa na kipokezi GID1, protini za DELLA zilizokuwa breki zinapelekwa kuvunjwavunjwa, GAMYB, protini inayowasha jeni, inapanda, jeni inawaka. Kwenye seli za aleuroni za shayiri zilizovuliwa kuta, kupanda kwa kalsiamu kumewahi kuzuiwa makusudi. Jeni ikaendelea kuwaka kama kawaida, na kilichokwama ni utoaji wa kimeng'enya.

Kwa hiyo Mkata_mbegu, kabla hujasema amilesi "haikutengenezwa", saga hizo nusu-mbegu zenyewe kwa mchanga na bafa yenye kalsiamu, upime cha ndani. Ulichopima wewe ni kilichotoka nje tu. Tena shayiri ina makundi mawili ya amilesi, na hilo kubwa ndilo linalotegemea sana kalsiamu ya nje ili litoke.

Mgeni77
Naomba kudandia. Kwa hiyo mtu akiloweka mbegu nzima kwenye kloridi ya kalsiamu zitaota haraka?

Fundi_wa_aleuroni
Mbegu nzima ina kalsiamu yake, haiko kama nusu ya huyu ndugu iliyooshwa siku tatu. Kuziloweka hivyo kupo, na husaidia zaidi pale udongo una chumvi, kwa sababu sodiamu hugombania nafasi na kalsiamu kwenye tando. Ukizidisha, myeyuko wenyewe unazuia maji kuingia kwenye punje, na hapo umejichelewesha mwenyewe.

Mkata_mbegu
Nimerudia, wakuu. Sitrati nimeitoa, nimetia asetati. Chupa nne: maji matupu, jiberelini peke yake, jiberelini na kalsiamu milimola 10, na ya nne hivyo hivyo ila nikaongeza asidi ya absisiki. Ya tatu bluu imefutika kabla sijaweka saa chini. Ya kwanza na ya nne wino uleule. Ya pili ikaishia zambarau, si huku si kule.

Zile nusu za mwanzo, za sitrati, nilikuwa nimezigandisha. Nimezisaga kama Jeni_kwanza alivyosema: zambarau pia. Kumbe kilikuwemo humo ndani muda wote, na mimi nilishaandika kwenye daftari kwamba homoni yangu imekufa. Nimeshaukata ule mstari. Mwenzangu wa meza ya pili bado sijamwambia.